Vitunguu, Kunde na Ndizi: Chakula cha Bakteria Rafiki wa Tumboni

Mkulima wa majani chai anajua kwamba shamba halizai kwa miche mizuri peke yake. Udongo usipolishwa, majani hugeuka manjano na kilo hupungua. Tumbo la binadamu nalo lina udongo wake. Ndani ya utumbo mpana huishi bakteria wengi mno, wanaohesabika kwa matrilioni. Baadhi yao hutulinda na maradhi, na wengine husubiri nafasi ya kutudhuru. Ni kundi lipi litakalostawi hutegemea kwa kiasi kikubwa chakula kinacholifikia.

Mojawapo ya vyakula vinavyowafaa bakteria rafiki ni aina fulani ya sukari inayopatikana katika mimea. Wataalamu huiita oligosakaridi. Jina ni geni lakini kitu chenyewe kimo katika vyakula vinavyouzwa kila siku katika masoko ya Litein, Kapsoit, Silibwet na Mulot. Makala haya yanaeleza ni kitu gani, kinafanya kazi vipi, kina faida gani iliyothibitishwa, na ni wapi tahadhari inahitajika, hasa kwa watoto wachanga na kwa familia zinazokunywa chai nyingi.

Oligosakaridi ni nini?

Sukari zote zimejengwa kwa vipande vidogo vilivyounganishwa kama shanga. Glukosi, sukari iliyomo katika damu, ni shanga moja. Sukari ya mezani ni shanga mbili, yaani glukosi na fruktosi. Wanga wa ugali na viazi ni mnyororo mrefu wa mamia au maelfu ya shanga. Oligosakaridi zimo katikati. Kwa kawaida huwa na shanga 3 hadi 10. Sehemu ya kwanza ya jina hilo imetoka katika neno la Kigiriki lenye maana ya "chache".

Sukari hizi huyeyuka katika maji. Zina utamu kidogo tu. Zile za jamii ya fruktosi, zinazofupishwa FOS, zina takriban thuluthi moja ya utamu wa sukari ya mezani. Nguvu zake kwa mwili pia ni ndogo. Gramu moja hutoa kilokalori 2 hivi au pungufu, ilhali gramu moja ya sukari ya kawaida hutoa 4.

Tofauti kubwa iko katika kumeng'enywa. Mtu anapokula ugali, vimeng'enya vya mwili hukata ule mnyororo mrefu, na glukosi huingia katika damu kupitia utumbo mwembamba. Kwa oligosakaridi mambo si hivyo. Viungio kati ya shanga zake ni vya aina ambayo vimeng'enya vya binadamu haviwezi kuvikata. Kwa hiyo hupita tumboni na katika utumbo mwembamba bila kubadilika, na hazipandishi sukari ya damu kama sukari ya kawaida. Hufika utumbo mpana zikiwa nzima, na huko ndiko wanakokaa bakteria wenye vimeng'enya vya kuzikata.

Chakula kinachopita hivyo na kuwalisha bakteria wenye manufaa huitwa prebayotiki. Neno hilo lilianza kutumiwa mwaka 1995 na wanasayansi Glenn Gibson na Marcel Roberfroid. Lisichanganywe na probayotiki, ambao ni bakteria hai wenyewe, kama wale wa maziwa lala. Kwa ufupi, probayotiki ni mbegu na prebayotiki ni mbolea.

Kinachotokea katika utumbo mpana

Bakteria wa jamii ya bifidobakteria na laktobasili, wakisaidiana na bakteria wengine wa utumbo mpana, huchachusha sukari hizi, na mwishowe hupatikana asidi nyepesi, zikiwemo za aina tatu: asetiki, ambayo ndiyo iliyomo katika siki, propioniki na butiriki. Kila moja ina kazi.

Kwanza, asidi hizo hufanya mazingira ya utumbo yawe makali kidogo, na bakteria wengi waletao maradhi hawastawi katika hali hiyo. Pili, asidi ya butiriki ndiyo chakula kikuu cha chembechembe zinazofunika ukuta wa utumbo mpana. Ukuta uliolishwa vizuri huwa imara na hauvujishi sumu kwa urahisi. Tatu, asidi hizo huyafanya madini kama kalsiamu yayeyuke zaidi na hivyo kufyonzwa vyema. Utafiti uliofanywa Marekani na kuchapishwa mwaka 2005 ulionyesha kwamba vijana waliobaleghe waliopewa gramu 8 za fruktani kila siku kwa mwaka mmoja walifyonza kalsiamu zaidi na mifupa yao ikawa na madini mengi zaidi kuliko wenzao.

Faida nyingine ni choo laini. Mwaka 2015 Umoja wa Ulaya uliruhusu watengenezaji wa vyakula kueleza kwamba gramu 12 kwa siku za inulini inayotokana na mzizi wa chikori husaidia mtu kupata choo mara kwa mara. Inulini ni ndugu wa FOS mwenye mnyororo mrefu zaidi. Ilitambuliwa kwanza Ujerumani mwaka 1804.

Zinapatikana katika vyakula gani?

Vitunguu ndivyo vinavyoongoza miongoni mwa vyakula vya kawaida. Gramu 100 za vitunguu maji, ambazo ni kama kitunguu kimoja cha wastani, zina gramu 2 hadi 6 za fruktani. Kitunguu saumu kina nyingi zaidi, ila huliwa kwa punje chache tu. Ndizi mbivu ina kidogo, karibu nusu gramu katika kila gramu 100. Ngano nayo ina kiasi kidogo, lakini kwa kuwa mkate na chapati huliwa kwa wingi, kidogo hicho hujumlika.

Maharagwe, kunde, ndengu, mbaazi na njahi vina oligosakaridi za jamii nyingine, zenye majina rafinosi na stakiosi. Gramu 100 za maharagwe makavu huwa na gramu kadhaa za sukari hizi. Kwa familia nyingi za eneo hili, sufuria ya githeri au maharagwe ndiyo njia rahisi na ya bei nafuu zaidi ya kuzipata.

Kuna pia wanga sugu, ambao si oligosakaridi lakini hufanya kazi inayofanana. Huu hupatikana katika ndizi mbichi za kupika na katika viazi vilivyopikwa kisha vikaachwa vipoe. Mboga za kienyeji kama managu na saget huongeza nyuzinyuzi pamoja na madini ya chuma. Unga wa mahindi wa posho mill, ambao haukukobolewa, nao una nyuzinyuzi nyingi kuliko ule mweupe wa pakiti.

Kiasi kinahitaji kuangaliwa. Kitunguu kimoja kikigawanywa kwa watu sita, kila mmoja hupata gramu moja au pungufu. Tafiti nyingi zilizoonyesha faida zilitumia gramu 5 au zaidi kwa siku. Kwa hiyo faida haiji kwa chakula kimoja cha muujiza. Huja kwa kuchanganya vitunguu, jamii ya kunde, ndizi na nafaka isiyokobolewa, na kwa kufanya hivyo kila siku.

Maziwa ya mama ndiyo ya kwanza

Kabla ya mtoto kuonja kitunguu au ndizi, tayari huwa ameshapewa prebayotiki. Katika maziwa ya mama, oligosakaridi ni kitu cha tatu kwa wingi baada ya laktosi na mafuta, ukiondoa maji. Zinajulikana aina zaidi ya 100, na mtoto mwenyewe hazimeng'enyi. Zipo kwa ajili ya kulisha bakteria wake. Nyingine huwanasa vijidudu vya maradhi kabla havijashika ukuta wa utumbo. Maziwa ya kwanza ya rangi ya manjano, ambayo baadhi ya kina mama bado huyakamua na kuyamwaga, ndiyo yenye nyingi zaidi. Maziwa ya ng'ombe yana kidogo sana yakilinganishwa na hayo.

Ndiyo maana ushauri wa kumnyonyesha mtoto bila kumpa kitu kingine kwa miezi sita ya kwanza una uzito mkubwa. Utafiti wa kitaifa wa Demografia na Afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba watoto 60 katika kila 100 walio chini ya miezi sita nchini Kenya hunyonyeshwa maziwa ya mama pekee. Arubaini waliobaki hupewa maji, uji au maziwa mengine mapema mno.

Kwa mama anayechuma majani chai au anayefanya kazi kiwandani, jambo hili si rahisi. Likizo ya uzazi kwa mujibu wa Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 ni miezi mitatu, ilhali mtoto anahitaji miezi sita. Sheria ya Afya ya mwaka 2017, kifungu cha 71, inamtaka mwajiri atenge mahali pa kunyonyeshea au kukamulia maziwa kazini. Mama anaweza kukamua maziwa katika chombo safi chenye kifuniko na kumwachia anayemlea mtoto. Wauguzi wa kliniki ya mama na mtoto huonyesha namna ya kukamua na kuhifadhi.

Somo kutoka Msambweni

Mojawapo ya tafiti muhimu zaidi duniani kuhusu prebayotiki na watoto ilifanyika hapa Kenya, katika eneo la Msambweni, Kaunti ya Kwale. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia walishirikiana na wenzao wa chuo cha ETH Zurich, Uswisi.

Tatizo walilolichunguza ni hili. Watoto wengi hukosa madini ya chuma na kupata upungufu wa damu. Hupewa unga wa virutubishi wa kunyunyiza katika uji, wenye chuma ndani yake. Lakini sehemu kubwa ya chuma hicho haifyonzwi, bali huteremka hadi utumbo mpana. Bakteria wengi wa maradhi huhitaji chuma ili waongezeke, ilhali bifidobakteria na laktobasili huhitaji kidogo sana. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba kwa watoto hao chuma kiliongeza bakteria wabaya na uvimbe wa utumbo.

Katika utafiti wa pili, uliochapishwa mwaka 2017, watoto 155 wa umri wa miezi 6 hadi 9 hivi waligawanywa katika makundi matatu kwa miezi minne. Kundi moja lilipata unga wa virutubishi bila chuma, la pili unga wenye miligramu 5 za chuma, na la tatu unga wenye chuma hicho pamoja na gramu 7.5 za prebayotiki iitwayo GOS kila siku. Watoto wa kundi la tatu walikuwa na bifidobakteria na laktobasili wengi kuliko wale waliopata chuma peke yake, na dalili za bakteria wenye sumu zilipungua. Kundi lililopewa chuma bila prebayotiki lilitibiwa maradhi ya njia ya hewa mara nyingi zaidi kuliko kundi lisilopewa chuma. Kundi lililopewa vyote viwili halikuwa na ongezeko hilo. Utafiti mwingine wa watafiti hao, pia kwa watoto wa Kenya, ulionyesha kwamba GOS iliongeza ufyonzaji wa chuma kutoka katika unga huo kwa zaidi ya nusu.

Mambo mawili yafahamike vyema. Kwanza, utafiti huu hausemi kwamba mtoto anyimwe chuma. Mtoto aliyepewa unga wa virutubishi au dawa ya chuma na mhudumu wa afya aendelee kuitumia kama alivyoelekezwa. Pili, GOS iliyotumika hutengenezwa kiwandani kutokana na sukari ya maziwa. Mtoto mdogo hawezi kupata gramu 7.5 kwa siku kutokana na vitunguu na ndizi. Somo kwa familia ni kwamba damu ya mtoto na hali ya utumbo wake vinakwenda pamoja, na lishe yake ijengwe kwa kuzingatia yote mawili.

Zile za mimea nazo zimefanyiwa utafiti kwa watoto. Katika vijiji vya jimbo la Odisha, India, watoto wachanga zaidi ya 4,500 walihusishwa katika utafiti uliochapishwa mwaka 2017. Waliopewa bakteria aina ya laktobasili pamoja na FOS kwa siku saba walipungukiwa na maambukizi makali ya damu na vifo kwa asilimia 40 wakilinganishwa na wenzao. Hiyo ilikuwa tiba iliyosimamiwa na wataalamu na iliyochanganya vitu viwili, wala haiigwi nyumbani. Mtoto wa chini ya miezi sita hapewi chochote isipokuwa maziwa ya mama, ila dawa iliyoandikwa na daktari.

Chai wakati wa chakula

Katika eneo linaloishi kwa chai, jambo hili halina budi kusemwa wazi. Chai ina tanini, kemikali zinazoshikana na chuma cha mimea na kukizuia kisifyonzwe. Kikombe cha chai kinachonywewa pamoja na chakula kinaweza kupunguza ufyonzaji wa chuma hicho kwa zaidi ya nusu, na kuongeza maziwa hakuondoi athari hiyo. Maana yake ni kwamba sahani ya maharagwe na managu, yenye chuma na prebayotiki, hupoteza sehemu ya thamani yake ikiteremshwa kwa chai.

Dawa yake si kuacha chai. Ni kuipa chai saa yake. Inywewe angalau saa moja kabla au baada ya mlo. Pamoja na chakula, maji ndiyo yanayofaa, na tunda lenye vitamini C kama chungwa au pera husaidia chuma kufyonzwa. Watoto wadogo wasipewe chai kabisa, hata iwe ya maziwa. Wajawazito, ambao hupewa vidonge vya chuma kliniki, wasivimeze kwa chai.

Na mursik je?

Maziwa ya mursik yanayotunzwa katika sotet huwa na bakteria wa jamii ya laktobasili, na wengi huuliza kama ukila maharagwe na kunywa mursik umekamilisha mbegu na mbolea. Kwa upande wa bakteria, wazo hilo lina mantiki. Lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulikuta katika baadhi ya sampuli za mursik asetaldehaidi, kemikali inayohusishwa na saratani ya umio. Ugonjwa huo unafahamika sana katika eneo hili, na Hospitali ya Tenwek imehudumia wagonjwa wake kwa miaka mingi. Vilevile, mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilitangaza kwamba vinywaji vya moto sana, vyenye joto la zaidi ya nyuzi 65, huenda vinasababisha saratani hiyo. Mursik isiwe kinywaji cha kutwa, chombo kiwe safi, na chai iachwe ipoe kidogo kabla ya kunywewa. Mtu anayesikia chakula kikikwama kooni asisubiri. Aende hospitalini mapema.

Maharagwe na gesi

Malalamiko makubwa kuhusu maharagwe ni tumbo kujaa gesi. Chanzo ni zile zile rafinosi na stakiosi. Bakteria wanapozichachusha, asidi nzuri hutoka na gesi hutoka pia. Kwa mtu mzima mwenye afya hilo si ugonjwa. Aanze na kiasi kidogo na kuongeza polepole kwa wiki mbili au tatu. Mara nyingi tumbo huzoea.

Kwa anayesumbuka zaidi, maharagwe yalowekwe usiku kucha, maji yamwagwe, na yachemshwe kwa maji mapya. Sehemu ya sukari hizo huondoka na maji, na kuni au makaa huokolewa kwa kuwa yanaiva haraka. Asiyesumbuka hana haja ya kupoteza kila kitu. Mchuzi wa maharagwe na wa vitunguu unyewe, kwa maana sukari hizi huyeyuka na kubaki humo.

Nani awe mwangalifu?

Mtu anayeumwa tumbo mara kwa mara, anayehara kwa muda mrefu au anayepata maumivu makali baada ya kula vitunguu, ngano au maharagwe amwone daktari kabla ya kuviongeza. Mgonjwa wa kisukari akumbuke kwamba ingawa oligosakaridi hazipandishi sukari ya damu, ndizi mbivu na chapati zina sukari na wanga mwingine unaoipandisha. Mtoto anayehara apewe maji ya ORS na zinki na apelekwe kituo cha afya; prebayotiki si tiba ya kuhara.

Madukani huuzwa vyakula na poda zenye maandishi FOS, GOS au inulin. Kwa familia nyingi hakuna haja ya kuzinunua. Fedha hizo zikinunua kilo ya maharagwe, vitunguu na ndizi zitalisha nyumba nzima.

Hatua za kuchukua nyumbani

Mtoto wa chini ya miezi sita apewe maziwa ya mama pekee, yakiwemo yale ya kwanza ya manjano.

Kuanzia miezi sita, aendelee kunyonya na aongezewe chakula laini: maharagwe au kunde zilizopondwa na kuondolewa maganda, ndizi, viazi, na mboga za kienyeji zilizopikwa vyema, pamoja na yai au nyama inapopatikana.

Jamii ya kunde iwe mezani angalau mara tatu au nne kwa wiki, na kitunguu kitiwe kwa ukarimu katika kila mboga.

Shamba la chai lisimeze boma lote. Mistari michache ya vitunguu, kunde na managu karibu na jikoni, pamoja na mashina mawili matatu ya ndizi, hutosha kubadilisha sahani ya familia.

Chai isinywewe pamoja na mlo.

Mwenye swali kuhusu lishe ya mtoto, mjamzito au mgonjwa amwone afisa wa lishe katika hospitali ya kaunti ndogo, au amuulize mhudumu wa afya ya jamii anayetembelea kijiji chake. Kwenda kliniki, kijitabu cha mama na mtoto kibebwe, ili uzito na chanjo za mtoto vikaguliwe siku hiyo hiyo.